Lori Moja la Kampuni Tatu

Mimi ndiye niliyeandika kwamba lile lori linafaa. Naanza na hilo kabla hujaanza kumlaani mtu mwingine, maana sisi watu wa ofisi ni hodari wa kumtafuta mchawi kwenye nyumba ya jirani. Saini ni yangu, na tiki zote tatu nilizitia mimi, kwa mkono huu huu ninaoandikia sasa.

Jina langu ni Bhoke. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mkuu wa masijala, yaani chumba cha majalada, katika ofisi moja ya ardhi pale Musoma mjini. Majalada elfu kumi na moja na ushee, na nilikuwa nayajua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Siku moja ikaja barua kutoka juu: ofisi yote ihamie Butiama ndani ya wiki sita, kwa sababu mgeni mkubwa angekuja kukata utepe kwenye jengo jipya. Utepe ulikuwa umeshanunuliwa. Rafu za kuwekea majalada zilikuwa bado.

Ikaundwa kamati ya kuchagua kampuni yenye sifa za kuhamisha ofisi ya serikali. Mwenyekiti alikuwa Onesmo, afisa utumishi wetu, mtu ambaye ukimwambia nyumba inaungua atauliza kwanza kama akidi imetimia. Mjumbe alikuwa Dorah, afisa ugavi, ambaye huandika vizuri sana na hubisha kidogo sana. Katibu, mimi.

Lakini kabla ya kamati, nikuambie kwanza habari za mama Wankyo, kwa sababu aliyekuwa na cha kupoteza hapa ni yeye.

Wankyo ni mjane wa huko Buhemba, miaka kama sitini na mitatu, mwembamba, na ulimi wake haujashika kutu. Ana shamba lililopakana na mashimo ya dhahabu. Mwenye mashimo, bwana mmoja aitwaye Kwangu, alikuwa akisogeza mpaka kila msimu, mara hatua tatu, mara tano, hadi akalifikia kaburi la marehemu mume wa Wankyo na kusema nalo liko kwake. Kesi ikaenda baraza la ardhi. Wankyo alikuwa na silaha moja tu: jalada namba 4417. Ndani yake mlikuwa na ramani iliyochorwa kwa mkono mwaka themanini na saba, na chini ya ramani alama za vidole gumba vya majirani wote, akiwemo baba mzazi wa Kwangu. Nakala hapakuwa nayo. Kupiga picha majalada kwa simu ilikuwa marufuku, tangazo lilikuwa ukutani, na mwandishi wa tangazo hilo nilikuwa mimi.

Kila Alhamisi Wankyo alikuja. Anaweka dole gumba kwenye daftari la wageni, mimi namwandikia sababu, "kuona jalada 4417," kisha namletea. Analifungua, anaitazama ramani, analifunga, anaondoka. Hakuwa anakaa hata dakika kumi. Aliposikia kwamba tunahama, siku hiyo akavuta kiti.

"Bhoke mwanangu, hiyo gari itakayobeba jalada yangu, mnaijua?"

"Kamati itachagua, mama. Kampuni yenye sifa."

"Mimi sijauliza sifa. Nauliza kama mnaijua." Akajifunga kanga vizuri. "Serikali ilishanihamishaga mimi. Mwaka wa sabini na nne, ile operesheni ya vijiji, nilikuwaga binti wa miaka kumi na mbili. Lori moja ilibeba nyumba saba. Tumefika, mlango wetu uko kwa watu, kitanda yetu iko kwa watu, na jiwe la mama la kusagia mpaka leo sijui liko wapi. Tukimuuliza dereva, anasema yeye alipewa lori, hakupewa jiwe."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na leo nikikumbuka naona aibu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jalada lake nitalifunga mwenyewe na litafika salama. Ahadi ya mtu aliyekaa kwenye kiti chake haina uzito, na mimi nilikuwa nimekaa.

Basi kamati ikakaa. Onesmo alikuja na vigezo ameshaviandika, kurasa tisa. Mzabuni awe na lori. Aambatishe picha ya lori. Awe na tairi la akiba. Awe amewahi kuhamisha ofisi ya serikali. Na kigezo alichokipenda kuliko vyote, alichokisoma mara mbili kwa sauti ya mahubiri: gari lisisafiri na nafasi tupu, ili serikali ipate thamani kamili ya safari. Swali la lori hilo jana lilibeba nini halikuwemo kwenye zile kurasa tisa. Wala la dereva hulala wapi na mzigo. Wala la mvua.

Waombaji walikuwa wanne. Wa kwanza kusomwa alikuwa mama mmoja wa Bunda, Lukresia, mwenye malori mawili ya bodi ya kufunga, yale yenye milango na kufuli. Huyu aliwahi kuwahamisha masista na maktaba yao yote, akahamisha na maabara ya hospitali yao, hadubini na chupa, hakuvunja hata kikombe. Lakini Lukresia alifanya kosa kubwa. Badala ya kusifu kampuni yake, alituandikia maswali kumi na manne. Majalada ni mangapi? Yako kwenye maboksi yenye namba? Nani atasaini kila boksi linapotoka, na nani linapoingia? Huko yanakokwenda kuna rafu, au yatalala sakafuni?

"Huyu anatuhoji?" Onesmo aliuliza, amevua miwani. "Nani anamchagua nani hapa?"

"Ni maswali mazuri lakini," nilisema.

"Mazuri kwa masista. Masista siyo serikali. Uzoefu, sifuri."

Dorah akaandika sifuri, mviringo mzuri kabisa. Waliobaki watatu walikuwa na barua za uzoefu zenye mihuri. Mmoja aliwahi kuhamisha meza ya mtendaji wa kata kutoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma. Barua ilieleza kwamba kazi ilifanyika kwa weledi.

Ikafuata siku ya ukaguzi. Kampuni tatu, sehemu tatu: Nyasho hapo hapo mjini, Kiabakari na Bunda. Tulianzia Nyasho saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa Salama Logistiki. Mkurugenzi wake, Burito, alitupokea na suti ya kijivu na kiatu chenye vumbi. Lori lilikuwepo. La bluu, bodi wazi, limefungwa bango jipya la kampuni ubavuni. Kioo cha kulia kilikuwa kimeshikiliwa na kipande cha kitenge cha njano, na nyuma limeandikwa TUTAFIKA TU. Lilinuka kayabo, wale sangara wa chumvi wanaopelekwa hadi Kongo. Ubao wa sakafu ulikuwa mweupe kwa chumvi iliyokauka. Dereva aliitwa Mniko, mtu mcheshi wa makamo, akatuamkia sote kwa mkono.

Onesmo alipiga teke tairi la akiba, akasema "lipo," tukatia tiki. Kisha tukaenda kunywa chai, kwa sababu msafara wa serikali hautoki mjini bila chai. Supu, chapati mbili mbili, saa nzima na robo.

Kiabakari tulikaribishwa na mkurugenzi wa Uhakika Kago, mama mtulivu anayeitwa Grace. Lori lilikuwepo. La bluu, bodi wazi, bango jipya ubavuni. Niliweka mkono kwenye boneti, nikautoa haraka, ilikuwa ya moto. Kioo cha kulia kilishikiliwa na kitenge cha njano. Nikazunguka nyuma na kuinusa ile bodi: kayabo. Mniko akatokea upande wa pili anafuta jasho.

"Shikamoo tena, mama," akasema.

Nakuapia alisema "tena." Mtu huyu hakuwa anaficha kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna siri, kwa hiyo alikuwa mwaminifu kuliko sisi sote tuliokuwa pale.

Bunda tulifika saa ya chakula, na kamati haikagui ikiwa na njaa. Tulikaa kwenye hoteli moja inayotazama barabara kuu, tukaagiza sato wa kukaanga na ugali. Nikiwa nachambua miiba, nikasikia honi. Lori la bluu lilikuwa linapita mbele yetu, Mniko ametoa mkono dirishani anatupungia, na bango limefungwa upande mmoja tu, upande wa pili linapigapiga kwa upepo. Onesmo alinyanyua mkono wenye ugali akampungia naye. Halafu akaendelea kula.

Niliisukuma sahani pembeni. Kampuni ya tatu, ya bwana mmoja Bernado, shemeji yake Burito kama nilivyokuja kujua, ilikuwa mtaa wa pili tu. Tulipoingia uwanjani Mniko alikuwa anamalizia fundo la mwisho la bango. Nikamvuta Onesmo pembeni.

"Mwenyekiti, lori hili ni lile lile."

"Lile lipi?"

"La Nyasho. La Kiabakari. Limetupita tukiwa tunakula, ukalipungia mkono!"

"Mimi napungiaga magari yote. Ni utu." Akanifungulia fomu. "Bhoke, soma hapa. Fomu inauliza nini?"

"Je, mzabuni ana lori?"

"Lori lipo, halipo?"

"Lipo."

"Basi jibu ulichoulizwa. Usijibu ambacho serikali haijauliza."

Nilimwangalia Dorah. Dorah aliangalia lori, akaangalia fomu yake. "Mabango ni tofauti lakini," akasema kwa sauti ndogo.

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa, na jibu halinipendezi. Hakuna aliyenitisha, wala sikupewa kitu zaidi ya sato. Nilifikiri tu kwamba kurudia zabuni kungetupitisha zile wiki sita, na kwamba jina ambalo lingetajwa kwenye kikao, la mtu aliyechelewesha utepe, lingekuwa langu. Na nilitaka kurudi nyumbani mapema. Nikatia tiki. Lori moja, kampuni tatu, tiki tatu, na Salama Logistiki wakashinda kwa alama mbili za mavazi na mapokezi.

Siku ya kuhama, jalada 4417 nililifunga mwenyewe kama nilivyoahidi. Nililiviringisha ndani ya mfuko wa karatasi, nikaliweka kwenye boksi la kwanza, na boksi hilo nikaagiza liwekwe chini kabisa, sakafuni, mbali na upepo na mvua. Nilitaka kwenda nalo kwenye lori. Onesmo alikataa, akasema watumishi wote wasafiri kwenye basi tukiwa tumevaa fulana za sherehe, ili tupigwe picha tukishuka. Tukapigwa. Kwenye ile picha mimi ndiye ninayetazama barabarani.

Lori lilitakiwa kufika saa sita mchana. Lilifika saa kumi kasoro, na kabla sijaliona nilisikia mlio wake. Lilikuwa linalia kama zizi.

Mniko alishuka akafungua mlango wa nyuma, na mbuzi wakaanza kuruka chini. Niliwahesabu kumi na wanane. Nyuma yao maboksi yalikuwa yamepasuka, na karatasi za serikali zimetapakaa kwenye mavi.

"Mniko! Hii ni nini?"

"Mbuzi, mama."

"Naona ni mbuzi! Wamefuata nini humu?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. "Mkataba yenu inasema gari isisafiri na nafasi tupu. Nyuma kulibaki nafasi. Kiabakari leo mnada, mtu anahitaji kuleta mbuzi zake Butiama. Nikajaza." Kisha akainamisha kichwa. "Shida ni ile pancha, mama. Tumekaa karibu masaa matatu."

"Na tairi la akiba? Lilikuwepo, mwenyekiti alilipiga teke!"

"Ile tuliazimaga ya ukaguzi. Mwenyewe aliifuata jioni ile ile."

Yaliyobaki unaweza kuyajua bila kuambiwa. Maboksi ya chini ndiyo yaliyonyonya chumvi ya kayabo kutoka kwenye ubao, na hakuna mbuzi wa Mara asiyependa chumvi. Walilamba maboksi mpaka yakalainika, wakayachana, wakaanza kula ardhi za watu. Nilipiga magoti nikafukua kwa mikono mpaka nikalipata langu. Jalada 4417 lilikuwa limebaki gamba, uzi, na kona moja ya ramani yenye tarakimu mbili, nane na saba. Vidole gumba vyote vilikuwa vimeliwa. Nililia pale pale, na fulana yangu ya sherehe.

Majalada yaliyoharibika yalikuwa sitini na matatu. Kesho yake Onesmo aliitisha kikao, na akidi ikatimia.

"Taarifa ya uhamisho inakwenda mkoani," alisema. "Tunaandika nini?"

"Tunaandika mbuzi walikula majalada sitini na matatu," nilisema.

"Mbuzi hawamo kwenye mkataba. Kitu ambacho hakimo kwenye mkataba hakiwezi kula." Alisema hivyo bila kucheka. "Tumetoka na majalada mangapi?"

"Elfu kumi na moja, mia mbili na nne."

"Kwa orodha ipi?"

"Yangu."

"Hiyo ya mkono? Dorah atachapa mpya, safi. Tutahesabu yaliyopo, hayo ndiyo yaliyotoka. Asilimia mia moja. Kitu ambacho hakijawahi kuwepo, Bhoke, hakiwezi kupotea."

Dorah alichapa. Tulisaini. Chini ya taarifa ile kulikuwa na karatasi nyingine, cheti cha Salama Logistiki kwamba wamehamisha ofisi ya serikali kwa ufanisi, nacho kilihitaji saini ya katibu. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nilitaka kikao kiishe, nikasaini na hicho.

Alhamisi Wankyo alikuja. Kutoka Buhemba hadi Butiama sasa ni karibu, na alikuwa amefurahi kwa hilo, anahema kidogo, ameniletea karanga. Akaweka dole gumba kwenye daftari. Nikaandika "kuona jalada," maana mkono ulikuwa umezoea, halafu kalamu ikasimama.

Nilimweleza yote. Lori moja, tiki tatu, boksi la chini, chumvi, mbuzi. Sikumficha hata sato. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika meza kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hata wewe ulipewa lori," akasema, "hukupewa jiwe."

Nimewahi kutukanwa na wakubwa, nimewahi kufokewa mbele za watu. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama lile. Nilitamani anipige.

"Kesi yako ni lini, mama?"

"Jumanne ijayo. Na hawa wa ofisini kwako wameshaandika barua baraza. Kwangu anaitembeza kilabuni, anawasomea watu. Inasema jalada hiyo haijawahi kuwepo." Akafuta macho kwa kanga, haraka, kama mtu anayefuta vumbi. "Mimi nimekuja kwenu miaka minne na zaidi kuangalia kitu ambayo haijawahi kuwepo. Niandikie tu ukweli, mwanangu. Kwamba ilikuwepo, ikaliwa."

Kuandika hivyo maana yake ni kujiandika mimi. Hakuna namna ya kueleza mbuzi bila kueleza lori, wala ya kueleza lori bila tiki. Nilikaa na karatasi mbele yangu mpaka mchana ukapita. Kisha nikaandika. Niliandika kwamba jalada 4417 lilikuwepo, nikaeleza ndani yake mlikuwa na nini, nani aliweka dole gumba na upande gani wa ramani. Niliandika kwamba lori tulilolikagua mara tatu lilikuwa moja, na kwamba nilijua. Jumanne nikaenda barazani na barua hiyo na daftari la wageni, lile la mkono ambalo Onesmo alisahau kulichapa upya.

Baraza lilicheka. Mwenyekiti wa baraza aliposoma neno "mbuzi" alishindwa kuendelea, na Kwangu ndiye aliyecheka kuliko wote, anapiga paja. Wankyo alinyanyuka. Alilifungua lile daftari juu ya meza, akaanza kulifunua ukurasa mmoja mmoja. Alhamisi, dole gumba, kuona jalada 4417. Alhamisi, dole gumba, kuona jalada 4417. Mara mia mbili na kumi na moja. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, na alipofika ukurasa wa mwisho mwenyekiti wa baraza alilivuta daftari karibu yake.

Baraza likaamua kwenda shambani. Kati ya majirani walioweka vidole mwaka themanini na saba, wawili walikuwa hai, na mmoja hasikii vizuri lakini mpaka aliujua. Walitembea mstari wa mkonge wa zamani, mashimo ya Kwangu yakaonekana yako hatua kumi na saba ndani. Kaburi likarudi kwa mwenyewe.

Mimi barua yangu ilifika baada ya wiki tatu. Nilihamishwa kwa manufaa ya umma kwenda Nanyumbu, huko Mtwara, ambako sijui hata mtu mmoja. Onesmo alinikabidhi bahasha kwa heshima zote, akanitakia utumishi mwema. Ndani mlikuwa na maelekezo ya usafirishaji wa mizigo ya mtumishi. Mizigo yote ihamishwe na kampuni iliyoidhinishwa, na iliyoidhinishwa ilikuwa moja tu, Salama Logistiki, kwa kuwa ndiyo pekee yenye uzoefu uliothibitishwa wa kuhamisha ofisi nzima ya serikali. Uthibitisho uliambatishwa. Ulikuwa kile cheti, na chini yake, kwa wino wa bluu, saini yangu.

Nilikwenda kuomba nihamishwe na Lukresia. Dorah alinionea huruma kweli, akanishika bega, akaniambia masista siyo serikali.

Siku ya kuondoka, lori la bluu lilirudi nyuma taratibu hadi mlangoni kwangu Nyasho. Bango lilikuwa jipya, limeongezwa maneno WATAALAMU WA UHAMISHO WA SERIKALI. Kioo bado kimeshikiliwa na kitenge cha njano. Mniko aliruka chini akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama. Safari hii tairi ya akiba iko. Ya kwetu kabisa."

Wankyo alikuwa ametoka Buhemba alfajiri kuja kuniaga. Hakuja ndani kwanza. Alilizunguka lile lori polepole, akapiga teke kila tairi kwa kisigino, akamwambia Mniko awashe taa, azime, awashe tena. Akauliza jina la baba yake, na wanalala wapi njiani, na nani anabaki na mzigo dereva akila. Mniko alijibu yote amesimama wima. Kisha mama akakanyaga tairi la nyuma, akajivuta juu, akapitisha kidole kwenye ubao wa sakafu na kukilamba.

"Bado ina chumvi," akasema.

Akageuka akanitazama kutoka kule juu, mimi nikiwa nimesimama chini na godoro langu.

"Bhoke mwanangu, hii gari unaijua?"

"Naijua, mama. Niliichagua mimi."

Hakucheka. Alivua kanga yake ya juu, akaitandika sakafuni pale godoro lingekaa, akaibana pembe zake nne vizuri, halafu akamwambia Mniko alete mzigo.